Baba Yako Alisemaje?

Timoth alimsalimu baba yangu mara nne siku ile, na mara zote nne baba alifurahi.

Naanzia hapo makusudi. Watu wa kijijini kwetu Mollo wakisimulia habari yangu na Timoth huanzia kwenye uvimbe wa shingoni, au kwenye siku aliyoanguka mashineni. Mimi nilikuwepo, na nasema mambo yetu yaliharibikia kwenye salamu.

Kwetu Ufipa salamu haitupwi tu njiani. Ukifika kwa mkubwa unachuchumaa, unakutanisha viganja, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za waliopo na wasiokuwepo, na ukijibiwa unapiga tena. Vijana wengi wa mjini wameacha. Baba yangu, Mzee Wilibrodi, hajaacha, wala hajamsamehe aliyeacha. Amekuwa katekista wa kigango chetu tangu sijazaliwa, na kwa salamu ya mtu huamua kila kitu kingine juu yake.

Timoth alipokuja nyumbani mara ya kwanza, miaka miwili kabla, alimpa baba mkono huku simu iko sikioni. Ni fundi wa mashine za kusaga, mtoto wa Kirando kule ziwani, na siku hiyo kuna mashine ilikuwa imekwama Namanyere, watu wamepanga foleni na mahindi yao. Mimi nilielewa. Baba hakuelewa.

"Anasalimia kama anafukuza nzi," alisema mgeni alipoondoka. "Huyo sikupi."

Barua ya posa ilirudi haijafunguliwa.

Nauza mbegu na mbolea pale mjini Sumbawanga, na wateja wananiita Redio kwa sababu sijui kunyamaza. Lakini mbele ya baba Redio ilizimika. Nilichoweza ni kumfundisha Timoth. Tukishafunga duka jioni, anachuchumaa katikati ya mifuko ya mbolea, na mimi najifanya mzee.

"Polepole," namwambia. "Hushangilii mpira."

"Magoti yanauma, Beti."

"Yaache yaume. Unanitaka au hunitaki?"

Alikuwa na namna yake ya kunitazama kutoka chini, macho yanacheka kabla ya mdomo. "Nakutaka mpaka naota kwa Kifipa," alisema. "Na sikijui."

Nilimpenda. Niseme tu wazi, nilimpenda mpaka nikawa nawapa wateja mbegu ambazo hawakuziomba.

Basi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, upepo umechachamaa, kila mtu amejikunyata ndani ya koti. Timoth alikuja na mshenga wake, Mzee Eustaki. Koti lilimpwaya Timoth. Kwa wiki tatu alikuwa akiniuliza jambo moja mara tatu, nikadhani ni wasiwasi wa posa. Aliniambia anaamka shuka limelowa jasho, nikadhani malaria. Chini ya taya alikuwa na uvimbe usiouma, yeye mwenyewe akasema ni jino. Kila kitu kilikuwa na sababu yake ya kawaida, ndiyo maana sikuogopa.

Nilisimama na mama kwenye mlango wa jiko tukichungulia. Timoth alifika mbele ya kigoda cha baba, akachuchumaa, akapiga makofi kama nilivyomfundisha, akauliza habari za nyumbani, za shambani, za kigangoni. Baba alichukua muda wake kujibu. Halafu akajibu, na sauti yake haikuwa na miiba.

"Karibu ukae, kijana."

Mama alinifinya mkono.

Wakaongea habari za mahindi na ulezi. Mbuzi wakapita uani, Timoth akageuka kuwatazama. Aliporudisha uso akamwona baba, akaamka kwenye kiti, akachuchumaa, akaanza upya. Makofi, habari za nyumbani, za shambani, za kigangoni.

Nikajisemea, amezidisha sasa. Lakini baba alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu bibi azikwe.

"Unaona, Eustaki? Wazee wetu walikuwa hivi. Mgeni akigeuka tu, akirudi anasalimia upya. Huyu kayapata wapi haya?"

"Nilimwelekeza kidogo," alisema Mzee Eustaki, ambaye hakuwa amemwelekeza chochote.

Mara ya tatu ilikuwa alipotoka chooni. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, umepata mume."

"Ndiyo, mama," nikasema, lakini macho sikuyaondoa kwa Timoth.

Mara ya nne ilikuwa wakati napeleka maji ya kunawa. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Aliinua uso akamtazama baba, na nikaona hofu ikipita machoni mwake, ile hofu ya mtu anayefika ukweni kwa mara ya kwanza. Halafu akachuchumaa. Hakuwa anaonyesha adabu. Alikuwa anamwona baba yangu sasa hivi, kwa mara ya kwanza, kila mara.

Maneno yalikuja mpaka kwenye ulimi. Baba, subiri kidogo, huyu mtu hayuko sawa.

Baba alikuwa amesimama. Alivua kofia yake, jambo analolifanya kanisani tu.

"Nilimwonea huyu kijana," alisema. "Mimi Wilibrodi nasema mbele yenu, nilimwonea. Eustaki, lete hiyo barua."

Nikamwagia Timoth maji mikononi. Nikanyamaza.

Baada ya chakula nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki ya Mzee Eustaki. Timoth alisimama akinyoosha kola yake, akanishika kiwiko.

"Twende basi tuingie," alisema. "Baba yako yupo?"

"Timoth."

"Naogopa, Beti. Akinikataa tena je? Sitaweza kungoja miaka mingine miwili."

Mzee Eustaki alikuwa anapangusa kiti cha pikipiki, hakusikia. Nilimtazama Timoth usoni nikitafuta mzaha. Hakukuwa na mzaha.

"Amekubali," nikamwambia. "Tumetoka humo sasa hivi. Umekula kuku wa mama. Baba amekubali."

"Kweli?"

"Kweli."

Uso wake ulifunguka. Alinikumbatia mbele ya nyumba ya katekista, bila kujali nani anaona, na nilihisi mbavu zake kupitia koti. "Amekubali," alisema shingoni kwangu. "Beti, amekubali." Nililia, na yeye akadhani nalia kwa furaha kama yeye.

Siku nne baadaye alianguka kwa degedege kwenye mashine ya kusaga ya Kasense, mkono umebakia sentimita chache kutoka kwenye mkanda. Dada yake, Scola, anayeishi hukohuko Kasense, ndiye aliyenipigia.

"Wifi, njoo," alisema tu. "Njoo hospitali."

Walimlaza. Walimchoma sindano ya uti wa mgongo kuchukua maji, wakakata kinyama kwenye ule uvimbe, wakakipeleka Mbeya. Tulingoja majibu kwa wiki mbili. Baba alikuja mara tatu kutoka Mollo na chupa ya maziwa chini ya koti, kwa sababu sasa Timoth alikuwa mkwe wake. Alikaa kando ya kitanda. Timoth alipiga makofi akiwa amelala, akauliza habari za kigangoni, na baba akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, "Hata katika maumivu hajaacha adabu. Ameanguka kichwa kikapata mshtuko, lakini adabu imebaki." Nilikuwa namenya chungwa. Niliendelea kumenya.

Daktari wetu alikuwa dada mmoja mpole, daktari Debora, anayeongea akikutazama usoni. Majibu yaliporudi alituita chumbani kwake sisi watatu, mimi, Scola na baba.

"Ni saratani ya mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani," alisema. "Nawaomba msikate tamaa kwa hilo jina. Aina hii inatibika kwa wagonjwa wengi. Atakwenda Mbeya kuwekewa dripu, atarudi nyumbani, atakwenda tena."

"Na kichwa?" Scola aliuliza. "Saratani imepanda kichwani?"

"Hapana. Kichwani hakuna saratani. Kinga ya mwili wake imeiona saratani ikaanza kupigana nayo. Sasa kuna sehemu ndogo ya ubongo inayoshika mambo mapya. Kinga imeifananisha na adui, inaipiga pia. Imevimba. Ndiyo maana unamwambia jambo, anakuelewa vizuri kabisa, na baada ya dakika kumi halipo. Ni ugonjwa adimu sana. Mimi nimeusoma tu, huyu ndiye wa kwanza kumwona kwa macho."

"Kwa hiyo si kule kuanguka," baba alisema.

"Kuanguka kumekuja nyuma, mzee. Kusahau ndiko kulikotangulia. Nahitaji kuandika kulianza lini, wenzangu wa Mbeya watauliza hilo kwanza." Alichukua kalamu. "Nani alikuwa naye karibu?"

Scola alinitazama. Baba naye alinitazama, lakini yeye kwa upole, akisubiri nimjibu daktari.

Ningeweza kusema siku ile alipoanguka. Hakuna ambaye angenibishia. Baba angebaki na mkwe wake, na mimi ningebaki na neno lake. Lakini kalamu ya daktari ilikuwa inangoja, na kile ambacho angekiandika kingekwenda Mbeya na Timoth.

"Wiki tatu kabla ya posa," nikasema.

Daktari akaandika. "Alikuwa anafanya nini hasa?"

"Anarudia maswali. Anasahau mtu aliyemwona muda huohuo." Nilimtazama baba. "Anasalimia upya."

Baba aliinuka. Hakumuaga daktari, yeye ambaye haondoki hata kwenye duka la chumvi bila kuaga. Nilimkuta uani, amesimama juani na kofia mkononi.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Sikujua ni ugonjwa gani, baba."

"Sikukuuliza jina la ugonjwa. Ulikaa pale umeshika jagi la maji, ukaniona namsifu."

"Nilikuona."

"Ukanyamaza. Wewe."

"Nilinyamaza, baba. Miaka miwili nilingoja ulitamke lile neno. Ulipolitamka sikuwa na nguvu ya kulizuia."

"Neno lenyewe nililisema kwa mtu asiyekuwepo pale." Aliikunja kofia. "Nimesimama kigangoni Jumapili nikawaambia watu, igeni mfano wa kijana huyu. Nilikuwa nawafundisha watu ugonjwa, Bertilla. Na mwenyewe, maskini, alikuwa anaomba msaada kila akichuchumaa, na mimi nacheka."

Hapo ndipo nilipoona kwamba hasira yake haikuwa yangu peke yangu. Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha nyuma.

"Basi usimwadhibu yeye," nikasema. "Bado anakuhitaji. Neno lako libaki."

"Nilimpa binti yangu nikidhani nimemwona mtu. Sikumwona. Na huyu niliyemwona leo ana saratani, na kichwa hakishiki kitu. Nikufunge hapo? Uwe mjane kabla hujawa mke?"

"Nimeshajifunga mwenyewe."

"Jifunge. Baraka yangu haimo."

Barua aliirudisha kwa mkono wa Mzee Eustaki wiki ileile. Safari hii ilikuwa imefunguliwa, imekunjwa vizuri, na hiyo iliniuma kuliko ile ya kwanza.

Timoth alikwenda Mbeya, akawekewa dripu ya kwanza, akarudi Kasense kwa Scola akiwa hana nyusi. Alinijua. Alijua duka langu, alijua mashine zote za wilaya nzima kwa milio yao. Alikumbuka pia kwamba tulipanga kwenda kwa baba Jumamosi na barua. Kuanzia hapo hakukuwa na kitu. Kwa hiyo kila nilipoingia, na kila baada ya robo saa nikiwa ndani, alinigeukia na lilelile swali.

"Beti, baba yako alisemaje?"

Mara ya kwanza nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo nikiwa na ukweli wote tayari. Nikauona uso wake, umekonda, una matumaini, nikasema, "Amekubali."

Alinishika mikono yote miwili. "Kweli? Alisemaje? Niambie alivyosema."

"Alivua kofia. Akasema, nilimwonea huyu kijana."

"Alivua kofia?" Alicheka mpaka akakohoa. "Scola! Njoo usikie, mzee amevua kofia."

Scola alikuja na unga mikononi, akapiga kigelegele, akanitazama juu ya kichwa cha kaka yake. Robo saa baadaye akaniuliza tena, nikamjibu tena, akafurahi tena, furaha ileile, mpya kabisa, haijapungua hata kidogo. Kuna siku alinivuta tucheze katikati ya chumba, kwenye mkeka, redio ikiwa haina hata betri. Nilianza kuja mapema zaidi. Nilianza kufunga duka mchana. Ningekuwa mwongo nikisema nilikuwa naja kumhudumia tu. Nilikuwa naja kuposwa.

"Unamfanyia nini ndugu yangu?" Scola aliniuliza siku moja tukianua nguo.

"Namfurahisha."

"Unajifurahisha mwenyewe, dada."

Alikuwa ameacha kuniita wifi tangu barua irudi. Sikumlaumu, neno lenyewe halikuwa na pa kukaa.

"Nimwambie ukweli?" nikamuuliza. "Aumie mara ishirini kwa siku? Wewe ungeweza?"

Alikunja shuka, akanipa ncha moja nishike.

Halafu ikaja siku ile ambayo ningelipa chochote niifute. Nilikuwa nimepanda kwenda Mollo asubuhi kumwomba baba kwa mara ya nne. Hakunikaripia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bertilla, nenda kauze mbegu," akarudi kwenye maharage yake. Mchana nilipakua tani mbili za mbolea peke yangu. Jioni nikafika Kasense, sijala, nimesimama mlangoni, hata sijavua viatu.

"Beti, baba yako alisemaje?"

"Ngoja nikae kwanza."

"Sawa." Akangoja. "Alisemaje lakini?"

"Nimekwambia ngoja."

"Niambie tu, amekubali au—"

"Amekataa!" Nilimfokea. Nilimfokea mgonjwa. "Amekataa, Timoth. Amerudisha barua. Amesema hanipi kwako, na usiniulize tena."

Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa mkono wa fulana kama anayeona aibu. "Kwa nini?" aliuliza. "Si nilijifunza kuchuchumaa?"

Nilikaa chini palepale mlangoni nikalia. Nilisubiri dakika kumi zipite. Zikapita, uso wake ukatulia polepole, akanitazama kama mtu aliyeniona naingia.

"Beti, umefika. Baba yako alisemaje?"

"Amekubali," nikasema.

Nilimshukuru Mungu kwa ule ugonjwa. Ndiyo, mimi Bertilla, niliyekuwa nafunga na kusali ugonjwa uondoke, jioni ile niliushukuru.

Kesho yake walimpeleka Mbeya kwa dripu ya pili. Safari hii walimweka wiki mbili, pamoja na dawa za kutuliza ile kinga. Daktari Debora aliniambia kwa simu kwamba uvimbe wa shingoni umenywea na wenzake wanaridhika. "Kumbukumbu zitaanza kushika," alisema. "Hatujui lini. Lakini zile siku za ugonjwa wenyewe, dada yangu, usizingoje. Nyingi hazikuandikwa popote, haziwezi kurudi."

Nilimkuta asubuhi ya pili tangu arudi kwa Scola, amekaa nje juani na blanketi magotini. Nilikuwa nimekuja na uji wa ulezi. Nilimpa bakuli, akashukuru, akaniuliza habari za duka. Nikamwambia mvua zikikaribia watu wananunua kwa fujo. Akauliza kama mashine ya pale Kasense inafanya kazi. Nikamwambia inafanya. Robo saa ikapita. Ikapita na ya pili.

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa nimeuzoea ule muda wa swali kama mtu anavyozoea saa ya chai.

"Leo hujaniuliza," nikasema.

"Kukuuliza nini?"

"Baba alisemaje."

Alishusha bakuli. "Nikuulize mara ngapi? Si ulishaniambia amekataa."

"Amekubali." Mdomo ulisema wenyewe, kwa mazoea.

"Beti." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama vizuri, kwa macho yake ya zamani kabisa, yale ya dukani. "Ulisimama pale mlangoni. Sweta lako lilikuwa na vumbi la mbolea. Ulinifokea, halafu ukakaa chini ukalia. Lilinijia nikiwa kwenye basi kutoka Mbeya, nikafikiri labda niliota. Niliota?"

Kwa miezi miwili nilikuwa nimeomba akumbuke kitu kimoja. Sikuchagua, nilisema chochote, hata jina la mbwa wa jirani. Kilikuwa kimekuja, na kilikuwa hicho.

"Hukuota," nikasema.

"Amerudisha barua."

"Amerudisha."

Aliitika kwa kichwa, taratibu. Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yake, akawatazama kwa muda. "Scola anasema siku nyingine zote ulikuwa unaniambia amekubali."

"Ndiyo."

"Mara nyingi?"

"Kila siku. Mara ishirini, mara thelathini kwa siku."

"Na mimi nilikuwa nasemaje?"

Nilishindwa kumtazama. "Unafurahi. Unanishika mikono. Unamwita Scola aje apige kigelegele. Siku moja tulicheza humo ndani, hakuna hata muziki."

"Kila mara nilifurahi?"

"Kila mara. Hujawahi kufurahi kidogo."

Alifumba macho. Niliona anavyojitahidi, mshipa wa kwenye paji umesimama, midomo inasogea, anatafuta siku moja tu kati ya zile zote. Nilimwacha atafute. Mimi ninazo zote, ningemgawia kama zinagawika.

"Sikumbuki hata moja," alisema.

Nilichukua bakuli nikamrudishia mkononi, kwa sababu uji ulikuwa unapoa.